Maji ya Mgeni

Kila mwaka wanafunzi wapya huniuliza swali lile lile: mwalimu, tununue viatu gani? Huniuliza hata kabla hawajajua darasa liko ghorofa gani. Wameona picha za watafiti waliovaa mabuti marefu na kofia pana, wakadhani sayansi ya mazingira huanzia miguuni. Nawajibu kwamba tope la mikokoni kule Tudor halichagui kiatu, litakivua chochote ulichovaa na kubaki nacho. Wanacheka, kisha wananunua mabuti, na tope linayachukua.

Nafundisha somo hilo katika chuo kimoja hapa kisiwani Mombasa. Kazi yangu ni kuwatayarisha wanafunzi wa mwaka wa mwisho kwa kazi ya nyanjani, halafu kwa utafiti ambao kila mmoja anaufanya peke yake, halafu kwa ajira. Hiyo ya tatu siku hizi ni ya kuombewa dua. Hizo mbili nyingine zinafundishika, ingawa si kwa njia ambayo wenzangu idarani wanaipenda.

Wao huanza na vipimo. Mimi huanza na salamu. Nimezaliwa Mji wa Kale, ingawa sasa nakaa kwenye fleti, na najua kwamba mtu wa kwetu hatakufungulia ua wake umpimie kisima ikiwa hujui kumuuliza hali. Kwa hiyo kabla ya kuwagawia chupa za sampuli nawafundisha kubisha hodi. Tuma habari mapema, nawaambia, usimzukie mtu. Ukifika, ngoja. Ukikaribishwa, sema starehe. Ukiletewa kitu, onja hata kama umetoka kula. Usitaje maji mpaka uulizwe kilichokuleta, na ukiulizwa usijibu kwa pupa. Mwanafunzi mmoja aliwahi kuniuliza kama mambo haya yatatoka kwenye mtihani. Nilimwambia ndiyo, na nikayatoa.

Binti ninayetaka kusimulia habari zake alikuwa mgumu wa kufundishika salamu. Wazazi wake ni watu wa bara; baba yake ni karani katika ghala moja la Shimanzi, na familia ilimfuata huko kazi ilipomleta. Kiswahili chake kilikuwa safi lakini kikavu. Alikuwa akisema "habari yako" na kabla hujamaliza kusema nzuri ameshafika kwenye jambo lake. Hakuwa na kiburi. Aliona tu kwamba muda wa mtu usipotezwe. Katika vipimo hakuwa na mpinzani. Chupa zake hazikuwahi kuchanganyika, na sanduku lake la barafu lilikuwa na barafu, jambo ambalo si la kawaida kama mtu anavyoweza kufikiri.

Wakati wa likizo alikuwa amefanya mafunzo katika maabara moja ya kupima maji mjini. Walimpenda. Walimwambia wazi kwamba nafasi ipo, aende na cheti mara tu baada ya mahafali, na kwamba hawataweza kumngoja zaidi ya hapo. Aliponiambia habari hizo alijaribu kuzisema kama mtu anayetaja hali ya hewa, lakini alizirudia mara mbili. Kwao hakuna aliyewahi kupata kazi aliyoisomea. Wadogo zake walikuwa wameshaanza kumwita daktari wa maji.

Basi kilichobaki ni utafiti wake mwenyewe. Alichagua visima vya Mji wa Kale. Maji ya mfereji huku huja yanapotaka, na nyumba nyingi za zamani zina kisima uani, kwa hiyo watu huogea, huoshea vyombo na kutawadhia maji ya kisima, na ya kunywa hununua kwa madumu. Ndivyo wanavyosema. Alitaka kujua maji hayo yana nini ndani, hasa kama yana bakteria kutoka kwenye mashimo ya vyoo, maana katika nyumba hizi kisima na shimo la choo vimekaribiana mno. Niliona ni mada nzuri, nikamwambia.

Siku ya kwanza nilikwenda naye. Nilimpeleka kwa bi mkubwa mmoja ambaye mtaa mzima unamsikiliza, nikijua kwamba akikubali yeye, milango mingine itafunguka yenyewe. Binti alikuwa amejifunga leso vizuri na amejikaza.

"Sabalkheri, mama," akasema. "Wambaje?"

Matamshi hayakuwa ya kwetu, lakini bi mkubwa alifurahi mpaka akaniangalia mimi badala yake. "Huyu nani amemfunza?"

"Ni mwanafunzi wangu," nikasema.

"Mwambie akae kitako. Asisimame kama mdai kodi."

Tulikaa, tukanywa sharubati, tukala visheti. Tuliulizwa habari za watu wangu wote, wazima na waliotangulia. Baada ya muda mrefu bi mkubwa akauliza kilichotuleta, na binti akaeleza, taratibu, bila pupa. Nilijisikia fahari, siwezi kukataa. Bi mkubwa alikubali na kusema atawaarifu wenzake. Akachukua simu hapo hapo, akatuma ujumbe wa sauti kwenye kundi la wanawake wa mtaa, kwamba wiki ijayo watakuja wageni kutoka chuo kutazama visima, na wapokelewe kwa uzuri.

Juma lililofuata binti alizunguka nyumba zile peke yake. Alirudi na chupa zake zote, na mfuko wa kaimati aliopewa njiani. Alisema alipokelewa kama maharusi. Alizipeleka sampuli maabara ya chuo, akazipandikiza kwenye visahani vya kuoteshea vijidudu, akangoja.

Visahani havikuota kitu. Nyumba baada ya nyumba, hakuna hata doa. Kwa mujibu wa visahani vile, maji ya visima vya Mji wa Kale, vilivyochimbwa enzi za mababu pembeni mwa vyoo, yalikuwa safi kuliko ya chupa.

Mtu mwingine angefurahi. Yeye alikuja ofisini kwangu akafunga mlango na kubaki amesimama.

"Mwalimu, naomba kuuliza. Watu wa hapa hupaka chokaa ukingo wa kisima mara ngapi kwa mwaka?"

Nikamwambia inategemea, nyumba nyingine hawapaki kabisa.

"Nyumba zote nilizokwenda, chokaa ilikuwa mbichi. Kwingine ilinishika kwenye sketi. Na maji yalinuka kama nguo nyeupe zilizofuliwa."

Nilicheka. Sikuweza kujizuia, na alinitazama vibaya, akiwa na haki. Nilikuwa nimeelewa mara moja, kwa sababu hata mama yangu angefanya hivyo hivyo. Wanawake wale waliambiwa wageni wanakuja kutazama visima. Mgeni akija kula, unasafisha sahani. Akija kulala, unabadilisha shuka. Akija kutazama kisima, basi unakikomba, unasugua mawe, unatia dawa ya kuulia vijidudu kwa mkono usiopunja, unapaka chokaa, na unangoja hodi. Hawakuwa na nia ya kumdanganya mtu. Walimheshimu, wakamharibia utafiti.

Nilipomweleza hayo alikaa. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue alikaa bila kukaribishwa.

Mkuu wa idara hakuona tatizo. Nilimpelekea shauri lile kwa kuwa tarehe ya kukabidhi ilikuwa karibu, nikitaraji atamwongezea binti muda bila kumtoa kwenye orodha ya mahafali. Aliegemea kiti. "Matokeo ni matokeo," akasema. "Visima ni visafi, tumshukuru Mungu. Aandike, akabidhi, ahitimu. Kwani wewe wataka awe na vijidudu kwa lazima?" Nilikasirika, hasa kwa kuwa kwa hesabu za ofisi alikuwa na haki. Muda, akasema, hauongezwi. Atakayechelewa atangoja mahafali ya mwaka unaofuata.

Nilimrudishia binti jibu hilo kama lilivyo. Sikumwambia la kufanya. Watu hufikiri utafiti wa kujitegemea maana yake ni kuachwa peke yako na vyombo, lakini vyombo si kitu. Unachoachiwa ni uamuzi. Nilimwambia nitasaini karatasi yoyote ambayo ataweza kuisimamia mbele ya watu. Nilimwonea huruma sana siku hiyo, na nilijitahidi isionekane, kwa sababu huruma yangu ingekuwa ni kumwamulia.

Wazo lake la kwanza lilikuwa kwenda kwa kushtukiza. Aingie asubuhi bila taarifa, achote, atoke. Nikamkatalia. Nilimwambia Mji wa Kale si tope la Tudor. Ukiukanyaga vibaya, mji wenyewe hukumbuka. Mlango mmoja ukifungwa kwa ukali, mchana mtaa mzima umeshajua, na mwaka ujao sitakuwa na pa kumpeleka mwanafunzi.

"Basi nitamwambia bi mkubwa ukweli," akasema.

"Utamwambiaje?"

"Kama ulivyo."

Nilikwenda naye, kwa wasiwasi. Alisalimu kwa ukamilifu, akanywa alichopewa, akaulizwa kilichomleta. Kisha akasema: "Mama, mlinitendea wema mkubwa. Mlinisafishia visima. Lakini mimi nilitaka kuyaona maji kama yalivyo siku zote."

Bi mkubwa aliweka bilauri chini. "Yaani wataka kuniona na nguo za jikoni."

"Ndiyo, mama."

"Halafu uende ukawahadithie watu wa chuo kwamba nyumba yangu chafu."

"Sitataja nyumba ya mtu. Nitataja maji tu."

"Maji yangu na mimi ni kitu kimoya, mwanangu." Alikuwa ameudhika kweli, na mimi nilikuwa nimeshaanza kutafuta maneno ya kuagia. Binti hakuinuka. Alikaa pale pale akitazama mikono yake, na nadhani kukaa kule ndiko kulikomwokoa, kwa sababu kwetu aliyekosea na akaondoka haraka amekosea mara mbili.

Baada ya muda bi mkubwa akavuta pumzi. "Ukiya kama mgeni, n'takutendea kama mgeni. Sina ndia nyengine. Hivyo ndivyo nilivyolelewa." Akamtazama toka leso hadi miguu. "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe mimi sina. Wajua kukuna nazi?"

Hakujua. Akaletewa mbuzi, akakalishwa juu yake huko jikoni, na kwa kelele nilizozisikia kutoka sebuleni, nazi ile ilipata taabu. Mimi niliondoka peke yangu.

Tarehe ya kukabidhi ilipita akiwa kwenye mbuzi. Alikuwa anaweza kuandika ukurasa mmoja tu, kwamba visima ni visafi, akachukua cheti chake na kazi yake. Hakuuandika. Alikwenda nyumba ile siku nyingi, baada ya vipindi, mikono mitupu, bila sanduku la barafu. Alikuna nazi, akapepeta mchele, akaviringisha sambusa, akatumwa dukani kwa mzee wa Kihindi wa pembeni kununua hiliki. Mwanzoni walikuwa wakisitisha mazungumzo akiingia. Baadaye waliacha. Siku moja bi mkubwa alimgombeza mbele ya watu kwa kuunguza kitunguu, na aliponisimulia hilo alikuwa anatabasamu.

Ndipo ujumbe mwingine wa sauti ulipotumwa kwenye kundi. Binti alinisikilizisha. "Huyu mtoto si mgeni tena," sauti ya bi mkubwa ilisema. "Akiya na vijichupa vyake, msijitaabishe. Mwacheni achote." Ilinichukua muda kuirudisha simu yake.

Alichota. Nyumba zile zile, visima vile vile, safari hii ndoo zikiwa zimelala mavumbini na chokaa imeshaanza kumenyeka. Visahani viliota. Vingine viliota hata pasibaki nafasi ya kuhesabu, na kilichoota zaidi ya vyote kilikuwa cha bi mkubwa.

Lakini kabla hata ya visahani alikuwa ameona jambo ambalo hakulipata kwenye maswali yake ya mwanzo. Alipowauliza kama mgeni, wote walisema maji ya kisima hayanywewi. Walisema kweli, kwa upande wao. Watu wazima hawanywi. Jikoni alimwona mjukuu wa bi mkubwa, msichana mdogo, akirudi kutoka madrasa na kiu yake, akitumbukiza kata kwenye ndoo iliyokuwa karibu na kunywa. Ndoo ya karibu siku zote ilikuwa ya kisima. Tumbo la mtoto yule lilikuwa likimsumbua mara kwa mara, na nyumbani walisema ni maembe mabichi.

Mahafali yalifanyika. Nilikaa jukwaani na joho langu, joto likinipika, nikawasikia wenzake wakiitwa mmoja mmoja. Yeye alikuja na akakaa nyuma pamoja na wazazi wa watu, akawapigia makofi wote. Ile maabara ya mjini ilimchukua mwingine wiki ile ile. Baba yake alinipigia simu kuuliza, kwa adabu kubwa, kama mwanawe alikuwa ameshindwa masomo. Nilimwambia hapana. Akasema asante, mwalimu, na akakata. Simu ile ilinichoma kuliko maneno yote ya mkuu wa idara.

Kazi yake alikuja kuikamilisha, na ni kazi ninayoitumia sasa kufundishia. Lakini kabla hajaikabidhi aliniomba twende tukamwambie bi mkubwa. Alisema haiwezekani chuo kijue maji ya nyumba kabla ya mwenye nyumba. Hilo sikuwa nimemfundisha mimi.

Tulifika alasiri. Mimi nililetewa sinia, na bilauri ya maji baridi ya kununua juu yake, yenye kitambaa cha kufunikia. Yeye aliambiwa aende kwanza akautazame mchuzi usishike chini. Aliporudi alikaa sakafuni karibu na bi mkubwa, akamwambia yote, kwa sauti ya chini, bila karatasi. Alimwambia kilichoota. Alimwambia kinatoka wapi. Mwisho akamwambia habari za kata na ndoo.

Bi mkubwa hakukasirika. Ningependa angekasirika. Aliuliza jambo moja tu.

"Siku ile niliyokikomba kisima, nikatia dawa, maji yale alikunywa nani?"

"Hakuna, mama. Nilichota chupa tu."

"Chupa," akasema. Akalirudia polepole, akitazama uani. "Mgeni nimemsafishia chupa. Na mtoto wangu?"

Binti alisema tu kwamba dawa ina kipimo chake, na kwamba kwa kisima kilichokaa vile dawa peke yake haitoshi, itabidi ya kunywa tuchemshe. Alisema tuchemshe, kama mtu wa mle ndani.

"Nionyeshe hicho kipimo," bi mkubwa akasema. "Si cha wageni. Cha kila siku."

Walikuwa wanainuka kwenda uani pale mjukuu alipoingia kutoka madrasa, buibui imemteleza kichwani, jasho linamtoka. Alitusalimu kwa mkupuo, kama watoto wanavyofanya, akapita moja kwa moja mpaka kwenye ndoo na kushika kata. Bi mkubwa alimfikia kabla kata haijazama. Alimnyang'anya. Kisha akageuka akatafuta kwa macho, akaja mpaka mbele yangu, akatoa kitambaa juu ya bilauri ambayo nilikuwa sijaigusa, na akampa mtoto akanywa.

Katika maisha yangu yote sijawahi kuona mgeni akiondolewa maji mbele yake katika nyumba ya Mji wa Kale. Hakuniomba radhi, nami sikuingoja. Tulisimama sote watatu tukimtazama yule mtoto mpaka alipoimaliza.